Pumba Isimwagike Hata Chembe

Jumatano, 9 Julai

Alhamdulillah, nimeamka mzima. Goti haliumi. Paa halivuji. (Ni kiangazi, lakini bado nashukuru.) Nilipotoka msikitini nikakuta chai ya maziwa tayari. Maziwa hutoka kwa jirani yetu Tiampati, mfugaji. Kila asubuhi kibuyu, wala hajawahi kudai kitu. Ananiheshimu sana tangu nilipompa ushauri kuhusu kupe. Si kila mtu hapa Kabuku anaheshimiwa hivyo.

Habari mbaya sasa. Mama mkwe anakuja Jumapili ya tarehe ishirini.

Kuku tulionao ni wake. Aliwaleta kwa bodaboda kutoka Kwaluguru, miguu imefungwa kamba, Ikram wetu alipochaguliwa kwenda sekondari Korogwe, ili mayai yamtafutie mtoto sabuni na madaftari. Tatizo kuku hawa hawali, wanachakura. Ukiwawekea pumba kwenye sufuria kuukuu wanapanda juu yake na kuirusha kwa miguu mpaka uwanja unageuka mweupe. Mwezi uliopita mama mkwe aliikanyaga. Akatazama kandambili zake. Mimi hakuniambia kitu, mkwe hasemezani na mkwewe hovyo. Alimwambia binti yake, mke wangu Mwantumu, kwa sauti iliyonifikia mpaka chooni nilikojificha, kwamba nyumba inayokanyaga riziki haina shukrani. Akirudi akakuta pumba chini, kuku wake wanarudi Kwaluguru.

Mimi! Nisiye na shukrani! Mimi ninayeshukuru hata goti!

Na kuku wakiondoka, Diwani naye anaondoka. Diwani ni jogoo wetu. Anatembea kifua mbele na hasalimii mtu. Nampenda kuliko inavyofaa kuandika.

Ijumaa, 11 Julai

Faraji mwenye duka amejinunulia chombo cha kulishia kuku, chekundu, cha dukani. Anakionyesha kwa kila anayekuja kununua chumvi. Nikamwambia mtu mwenye akili hutengeneza chake mwenyewe. Akasema anasubiri kukiona.

Nikachukua dumu la mafuta, nikalikata madirisha ubavuni ili kuku waingize vichwa tu. Madirisha yalikuwa makubwa kidogo. Kuku mweupe aliingia mzima, akajipanga, akatagia humohumo. Mwantumu akauliza kama nimetengeneza chombo cha chakula au wodi ya wazazi.

Yai lilikuwa kubwa. Nimeshukuru.

Jumamosi, 12 Julai

Korogwe kwa binamu yangu Awadhi, fundi bomba. Mungu ambariki. Amenipa ndoo ya rangi yenye mfuniko na vipande vya kona za bomba vilivyobaki kwenye kazi zake. Akanieleza vizuri: toboa ndoo karibu na kitako, chomeka kona, mdomo utazame juu kidogo. Pumba inashuka yenyewe, kuku anaingiza kichwa, miguu inabaki nje. Hakuna cha kurusha.

Nikamwambia wazo hilo nilikuwa nalo tangu zamani. Akasema sawa kaka. Kijana mwenye adabu sana.

Jumapili, 13 Julai

Nimetoboa ndoo kwa kisu cha moto. Kisu ni kile cha Mwantumu cha mboga, sasa kimepinda kama mundu. Nimemwambia kitafaa kwa majani.

Lakini chombo! Kizuri mno! Kwa rangi iliyobaki kwenye ndoo nimekiandika jina: BILA HASARA. Nikaweka pumba, nikafunga mfuniko, nikakaa pembeni kungoja.

Kuku hawakukaribia. Diwani alisimama mbali, akakipigia kelele mpaka magharibi. Wamelala na njaa. Mimi pia sikula vizuri, kwa kuwaonea huruma.

Jumatatu, 14 Julai

Kuku hujifunza kwa kuona. Kwa hiyo nikapiga magoti mbele ya ndoo, mikono mgongoni, nikaingiza pua kwenye kona ya bomba na kudonoa. Nililia kama kuku pia, kidogo tu, kuwapa moyo. Nikainua kichwa, uso mzima pumba, nikamkuta Faraji amesimama njiani.

Kufika adhuhuri Kabuku nzima inajua. Baada ya swala mzee mmoja alinishika mkono, akaniuliza kwa upole kama nyumbani napewa chakula.

Lakini Diwani alikuwa ameona! Alikuja, akainama, akatia kichwa bombani. Wake zake nyuma yake. Wakala wakashiba, na chini hapakuwa na hata chembe. Nilitokwa na machozi, sioni aibu kusema.

Jumatano, 16 Julai

Uwanja safi kama mkeka wa wageni. Nimewaita majirani waje waone. Wawili wamekuja.

Chai ilikuwa ya rangi. Mwantumu amesema leo maziwa hayakuja. Nimeshukuru kwa majani ya chai.

Ijumaa, 18 Julai

Chai ya rangi tena, kama jana. Mama mkwe hanywi chai ya rangi. Anasema ni maji ya wagonjwa.

Nimekwenda kwa Tiampati kumuuliza, kwa heshima, kama nimemkosea. Ameshangaa. Amesema maziwa ni mambo ya wanawake, mwenye neno ni mkewe Nasinkoi, na yeye mwenyewe akitaka kunywa humwomba. Nikamuuliza kuhusu ule ushauri wa kupe. Akafikiri sana. Akauliza ushauri upi.

Nimerudi taratibu. Nashukuru kwa upepo.

Jumapili, 20 Julai

Siku kubwa. Bodaboda ilipopiga honi nilitoa shikamoo yangu kwa mbali, nikakimbilia nyuma ya banda la kuku, panapomstahili mkwe. Kutoka pale nilisikia kila kitu.

Mama mkwe alizunguka uwanja wote. Akainama, akapangusa ardhi kwa kidole. Pumba hakuna. Mwantumu akamweleza chombo kinavyofanya kazi, vibaya kidogo, nikalazimika kukohoa mara kadhaa kumrekebisha. Mama mkwe akasema hapo sawa, kuku watabaki. Nyuma ya banda nilimkumbatia Diwani. Akanidonoa sikio.

Kisha chai ikaletwa. Ya rangi. Mama mkwe akauliza ni nani anaumwa.

Akaitwa Nasinkoi. Naye hana mafumbo. Alisema kila alfajiri Mwantumu alikuwa anafagia pumba iliyomwagika, anaipepeta mchanga, anampelekea kwa ajili ya ndama wake. Ndama akishiba pumba hamnyonyi mama yake mpaka mwisho, maziwa ya kugawa yanabaki. Tangu ndoo ije hakuna cha kufagia. Ndama ananyonya yote. Akasema hana ugomvi na mtu, ila maziwa yako tumboni mwa ndama.

Kumbe! Wakati huo wa alfajiri mimi nipo msikitini nikishukuru. Yale maziwa yalikuwa yanatoka miguuni mwa kuku!

Mama mkwe akasema jambo ambalo sikutegemea: kwamba yeye ndiye aliyesema vibaya, kwa sababu riziki ile ilikuwa na mwenyewe, na binti yake alikuwa akiifikisha. Akaagiza Nasinkoi apelekewe kopo la pumba kila asubuhi, safi, isiyo na mchanga. Basi. Kopo tu! Mwantumu akasema hata yeye alitaka kuanza kupeleka kopo, ila nilikuwa na furaha kiasi kwamba alishindwa kuniambia ndoo yangu ndiyo iliyokata maziwa.

Kisha mama mkwe akaugeukia ukuta wa banda, akasema kwa sauti kwamba, kama kuna mtu nyuma yake, ajue hataki kukuta chombo kingine cha kuku hapa. Akikikuta atachukua kuku wote, na Mwantumu akitaka kupanda bodaboda hiyohiyo, nafasi ipo. Nikaahidi, kwa kukohoa.

Jamani, nimejaliwa. Mke wa namna hii. Jirani wa namna hii. Mkwe wa namna hii, Mungu amrudishe salama, na asiharakishe kuja tena.

Jumanne, 22 Julai

Chai ya maziwa! Alhamdulillah, alhamdulillah. Nimekunywa nimesimama.

Nikampelekea Nasinkoi kopo la pumba kwa mkono wangu mwenyewe, kwa shukrani. Akaimimina kwenye karai. Ndama akaja. Nikabaki kutazama.

Sijawahi kuona ulaji kama ule. Anapiga chafya, pumba inaruka. Anasukuma karai kwa pua, pumba chini. Anakanyaga! Anakanyaga riziki! Na kuku waliojazana pale kuokota, nikiwatazama vizuri, ni wangu. Diwani mbele.

Nasinkoi amesema ndivyo ndama wanavyokula, hakuna hasara. Nimemwonea huruma, hajui.

Niliahidi sitatengeneza chombo kingine cha kuku. Cha ndama sikuahidi.

Kesho asubuhi Korogwe, kwa Awadhi. Safari hii lipatikane bomba pana. Mwantumu nimemwambia naenda kumwona Ikram shuleni. Mwanamke mwema, hana maswali. Amenifungia karanga za mtoto, amenipa mkoba, akaniuliza tu kama pua ya ndama nimeshaipima.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nimemshukuru kwa kunikumbusha.