Kioo cha Mwanyumba

Jumatatu, 4 Machi

Nimejitolea. Mbele ya familia nzima, kwa sauti, kabla sijafikiri.

Ilikuwa hivi. Jumapili hii mama mkwe anatimiza miaka sabini. Jana alituita, akatoa bati la biskuti limejaa negativu za zamani, zile kanda za filamu, zimejikunja kila moja na lake. Akachomoa mmoja. Akasema ndiyo picha pekee ya marehemu mzee akicheka, na zilizosafishwa ziliharibika zote paa lilipovuja. Kisha akasema, taratibu tu, kwamba huu ni mwaka wa sita tangu mzee afariki, na ameanza kukisahau kicheko chake. Akifumba macho uso anauona. Kicheko hakiji.

Mke wangu alilia. Mimi nilikohoa.

Mwanyumba wangu hakukawia. Ni daktari wa meno. Kaoa mdogo wa mke wangu na bado akanitangulia kuoa kwa miaka miwili, jambo ambalo mimi sijamsamehe wala yeye hajanisahaulisha. Akasema anaifahamu studio moja kubwa, wataishughulikia kwa mwezi na nusu tu. Hapo nikasikia mdomo wangu ukitangaza kwamba mimi nina skana nyumbani, na Jumapili picha itakuwa mezani.

Mwanyumba akatabasamu kwa meno yote thelathini na mawili. Akasema nikishindwa yeye yupo.

Nikishindwa! Kiherehere chake!

Skana niliinunua kwa jirani aliyekuwa anahama. Ina taa kwenye kifuniko, ya kumulika filamu. Kishikio cha kuinyoosha filamu hakikuwemo. Sikuona tatizo.

Jumanne, 5 Machi

Ni tatizo.

Ukanda haulali. Nikibonyeza kichwa, mkia unainuka. Nikibonyeza mkia, kichwa. Nikaufunika hivyo hivyo. Picha ikatoka ukungu mtupu. Mzee anafanana na mtu yeyote, hata mimi.

Mbinu ya kwanza: uzito. Mimi ni mkutubi, vitabu vizito si shida yangu. Nimeulaza mkanda wa mzee katikati ya kamusi mbili, juu nikaweka atlasi.

Mbinu ya pili, wakati nasubiri: pasi. Si kwa mkanda wa mzee, sijafikia huko. Nilijaribu kwa ule wa harusi yetu, pale mwanyumba anapocheza peke yake katikati ya ukumbi. Kitambaa juu, pasi ya uvuguvugu. Ukajikunja kama ukucha, ukanuka. Hasara ndogo.

Mke wangu anauliza tutakula wapi ikiwa meza ni ya skana. Nimemwambia tutakula kwa zamu.

Jumatano, 6 Machi

Kamusi zimefanya kazi! Ukanda ulinyooka kwa muda wote wa kuutoa kitabuni na kuuweka kwenye skana. Nikageuka kufunga kifuniko. Ukajikunja.

Lakini nimegundua jambo. Skana hii haioni vizuri kitu kilicholala juu ya kioo chake. Inaona kilichoinuka kidogo. Nikachukua kadi za uanachama wa maktaba, nikazipanga kila upande, ukanda ukakaa juu yake. Kadi moja, ukungu. Mbili, afadhali. Tatu, nikaweza kuhesabu spoku za baiskeli aliyosimama nayo mzee! Nne, ukungu tena. Ni kadi tatu, hakuna mjadala.

Ila katikati kunainuka. Baiskeli safi, uso wa mzee haushikiki. Panahitajika kitu cha kuukandamiza kutoka juu, na kiwe kinapitisha mwanga. Nikang'oa kioo cha picha yetu ya harusi. Uso ukatulia, lakini kwenye paji la mzee ikatokea miduara ya rangi, kama mafuta juu ya dimbwi.

Nimesoma kazini. Kumbe kioo laini na filamu laini havipatani. Kinatakiwa kioo chenye ukwaruzi kidogo, kile kisichong'aa, wanachotia kwenye fremu za watu wanaojisikia.

Namjua mtu anayejisikia.

Alhamisi, 7 Machi

Sebuleni kwa mama mkwe, juu ya kabati, inaning'inia picha ya mwanyumba katika joho la kuhitimu. Fremu ya dhahabu. Kioo haking'ai hata ukiwasha taa zote; mwenyewe alitueleza mara tatu siku anaileta. Picha yangu mimi iko nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi, sipo.

Karibu na joho kuna saa ya ukutani iliyokufa. Mbinu ikajileta yenyewe. Nikaenda na bisibisi, nikamwambia mama mkwe nimekuja kuitengeneza saa. Alifurahi, akaenda jikoni kuniwekea chai. Nikapanda kiti. Vibati vinne nyuma ya fremu, kioo nje, gazeti, ndani ya shati. Joho likarudi ukutani bila kioo na ukiwa mbali hujui kitu.

Nilikunywa chai nimekaa wima. Kioo ni baridi tumboni. Mama mkwe alinitazama, akauliza kama mgongo unanisumbua. Nikasema kidogo. Akaniombea.

Nitakirudisha Jumamosi, kabla mtu hajagundua.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeula wa chuya. Kumbe kila Ijumaa asubuhi mama mkwe hupangusa picha zote kwa kitambaa kibichi.

Shemeji, mke wa mwanyumba, amempigia simu mke wangu. Uso wa daktari umefutika wote, umehamia kwenye kitambaa. Imebaki kofia. Mama mkwe kasema tu kwamba karatasi za siku hizi ni laini. Mwanyumba anataka kumshtaki aliyeichapa.

Nilitaka kuungama. Kweli nilitaka. Lakini nikiungama kioo kitaondoka, na mzee bado hajacheka. Nimepiga moyo konde.

Jumamosi, 9 Machi

NIMEWEZA!

Kadi tatu kila upande, ukanda juu yake, kioo cha mwanyumba juu ya ukanda. Ukalala kama mtoto aliyeshiba. Bonyeza. Mzee huyo! Vifungo vya shati nahesabu. Mikunjo ya macho. Mdomo wazi kabisa, anacheka. Nilibaki nimesimama na mikono kichwani.

Nikasafisha vumbi kwenye kompyuta, nukta kwa nukta, saa tatu nzima. Kulikuwa na doa moja sugu, katikati ya meno ya juu. Vumbi huwa linatoka jeupe, hili lilikuwa jeusi. Nikasema basi ni vumbi la aina nyingine. Nikalifuta, nikajazia jino zuri nililonakili pembeni. Huwezi kujua.

Nimechapa, nimefunga kwa karatasi ya zawadi. Sijamwonyesha mtu, hata mke wangu. Kesho namvalia mwanyumba suti.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe alifungua zawadi mbele ya wote. Akaitazama muda mrefu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akasema shati ni lake, na baiskeli ni yake. Kicheko si chake.

 Nikaanza kumweleza habari za kadi tatu.

Halafu akauliza pengo liko wapi.

Mke wangu akashika mdomo. Pengo! Mzee alianguka na baiskeli hiyo hiyo akiwa kijana, jino la juu likabaki barabarani. Mama mkwe akaeleza kwamba ndiyo maana kicheko chake kilitoka na mluzi. Ukiwa jikoni ulisikia mluzi kwanza, ukajua mzee kafurahi. Kisha pengo likazibwa, na mzee akawa anacheka kimya kama watu wengine. Alimkumbuka hivyo hivyo, kimya, na ndicho kilichokuwa kinamsumbua.

Sikuhitaji kuuliza aliyeziba. Ilikuwa zawadi ya mkwe mpya, mwaka alipooa, kabla mimi sijaingia katika familia hii. Macho yote yakamwendea mwanyumba. Akatazama viatu vyake. Ndiyo mara ya kwanza nimeona mdomo wake umefungwa.

Doa! Mimi na vumbi langu la aina nyingine!

Sikusubiri. Nilikimbia nyumbani na suti, nikachapa ile ya kwanza, ambayo sijaigusa, nikarudi natweta. Mama mkwe aliipeleka dirishani. Akacheka. Akaweka ulimi nyuma ya meno, akajaribu, akatoa kimluzi chembamba. Akasema ndicho hicho. Akarudia, machozi yanamtoka, na mke wangu na mdogo wake wakamkumbatia huku wote watatu wanapiga mluzi.

Nililia. Safari hii sikukohoa.

Kisha akaishusha fremu ya dhahabu, akatoa kofia ya mwanyumba iliyobaki, akasema mzee atakaa humu. Akanigeukia, akasema na kile kioo nikirudishe, mwanangu.

Nikauliza kioo gani. Akanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani. Bado ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Akasema mtu anayekuja kutengeneza saa akaiacha imekufa, basi hakuijia saa.

Mwanyumba akataka kujua ni kioo gani hicho. Mama mkwe akamjibu kwamba ni kimoja alichonipa nikamwoshee.

Mama huyu! Nimeelewa kabisa alichokuwa ananiambia.

Jumatano, 13 Machi

Kioo kimerudi. Mzee anacheka juu ya kabati. Saa inatembea, betri kaiweka mwanyumba, kimbelembele kile kile.

Mama mkwe amenikabidhi bati zima. Kanda arobaini na moja! Anazitaka zote, taratibu, kadiri nitakavyoweza. Huo ndio ujumbe wake wa Jumapili: endelea, mwanangu, mimi nitakufunika. Ila sasa sina kioo.

Mke wangu kasema fundi fremu aliye mkabala na maktaba anakiuza kwa vipande, hata leo nikanunue. Sina muda wa kuzunguka madukani.

Mwanyumba ameleta picha mpya, joho lile lile, safari hii kwenye turubai. Nimeikagua mbele na nyuma. Haina kioo. Kajanja. Lakini kwenye kliniki yake, chumba cha kusubiri, kuna vyeti vinne ukutani, fremu za dhahabu, na hakuna hata kimoja kinachong'aa.

Nimepiga simu. Nimemwambia dada wa mapokezi kwamba gego linaniua. Meno yangu ni mazima yote. Nimepangiwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Bisibisi itakuwa ndani ya soksi.

Akisema ling'olewe, na ling'olewe.