Sare na Baba Mkwe

Jumanne, 6 Mei
Ndege wamemaliza mpunga. Ekari mbili! Ilikuwa zamu yangu kuamia, kuwafukuza. Nilitoka shambani kidogo tu, nikacheze drafti mchezo mmoja na Hilari kijiweni. Ikawa mitano. Imebaki robo ekari ya bondeni, iliyochelewa kuiva. Mke wangu Paulina hakugomba. Alimbeba mtoto wetu Eveline, akachukua sufuria kubwa, akapanda bodaboda kwenda kwa baba yake, kijiji cha Kisawasawa. Hiyo sufuria ndiyo inayonitisha.

Alhamisi, 8 Mei
Nimepata akili. Baba mkwe, Mzee Amedeus, ni bingwa wa drafti Kisawasawa nzima. Mimi hata Hilari hunifunga. Lakini mzee ana malaria, na nimepeleleza: akimeza vidonge saa nane mchana, husinzia. Nitafika saa nane na nusu. Nyumba bila mtoto ina kimya kibaya.

Jumamosi, 10 Mei
Nilichuchumaa nje ya baraza, nikaamkia macho chini. Kisha nikaomba mchezo. Mtu na mkwewe! Mama mkwe aliona haya, akaingia ndani. Mzee alikubali. Nikishinda, niondoke na mke wangu. Nikifungwa, nisikanyage tena pale. Sare hatukuitaja.

Mikono yake ilitetemeka. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Hata hivyo alikula karibu kete zangu zote, nikabaki na kingi mmoja tu, kete mfalme, yeye watatu. Nikakimbilia mstari mrefu wa kona hadi kona. Kwa sheria zetu, watatu wakishindwa kumkamata mmoja kwa hatua kumi na tano, ni sare. Kwenye ya tisa akaanza kusinzia, akawa anasukuma kete macho nusu. Ya kumi na tano, nikaruka juu!

Mzee alikusanya vizibo vya soda tulivyochezea, polepole.

"Sare," alisema. "Kila mtu aondoke na alichokuja nacho."

Nilikuja mikono mitupu. Paulina alinisindikiza hadi barabarani.

"Eveline amekaa mlangoni muda wote, Fulgensi. Hujamwita hata jina."

Nilikuwa nahesabu hatua. Nimelia njia nzima.

Jumanne, 13 Mei
Mama mkwe ametuma ujumbe: nikiivuna ile robo ekari, Paulina atarudi. Nimeamka alfajiri, kombeo begani. Nitaamia hadi jua lizame!

Ila kijiweni wameniita. Habari ya sare imefika, na Hilari anabisha. Naandika huku anapanga kete. Ndege wanapita juu yetu kuelekea bondeni, wengi kweli. Nitakaa kidogo tu, nimwonyeshe ule mstari.