Chiriku Amefaulu Mitihani Yote

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Imekwisha! Mistari elfu nne mia moja na kumi na miwili ya lugha ya C, na yote imetoka katika vidole hivi viwili. (Naandika kwa vidole viwili. Chuo cha ufundi hakikutufundisha zaidi ya hapo.)

Niandike, nisije nikazeeka nikasahau. Chiriku ni maktaba ya msimbo, yaani fungu la kazi ambazo programu nyingine huziazima. Shughuli yake ni kuchora maamuzi. Kila swali la ndiyo au hapana ni njia panda. Unafuata majibu mpaka unafika kwenye Kweli au Uongo. Njia panda mbili zinazofanana haziwekwi mara mbili, ndiyo maana mchoro mkubwa unaenea mahali padogo. Marehemu mke wangu alifanya hivyo bila kompyuta, kila nilipopoteza miwani. Uliingia jikoni? Ndiyo. Ulifungua friji? Ndiyo. Basi imo kwenye friji. Na kweli imo.

Chiriku ni jina nililomwita yeye, kwa wingi wa maneno yake. Sasa kila kazi ndani ya maktaba inaanza na jina hilo. Nyumba imekuwa kimya miezi kumi na minne, lakini skrini yangu imejaa chiriku.

Majaribio: 318. Yaliyofaulu: 318. Muda: kufumba na kufumbua! Nimechapa matokeo kwa herufi kubwa, nimeyabandika ukutani juu ya birika la ofisi, mahali ambapo hakuna asiyefika.

Ijumaa Bosi anaamua. Programu ya kupanga zamu za wauguzi itabebwa na Chiriku, au na maktaba iliyo tayari ambayo mwenzangu wa meza ya dirishani anataka kuipakua mtandaoni. Tunamwita Shahada Mbili, kwa kuwa anazo, na hajatupa nafasi ya kusahau. Hospitali yenyewe ni ileile ambako mke wangu alipanga zamu za wodi kwa penseli miaka kumi na tisa. Chiriku arudi wodini. Sitaki kingine. Labda na kuuona uso wa Shahada Mbili.

Jumanne, tarehe 4

Shahada Mbili kaisoma karatasi yangu birika likichemka. Kauliza mbona majaribio yana kasi ya ajabu. Nikamwambia kizuri chajiuza. Akasema na kibaya chajitembeza, mpaka kwenye birika.

Kisha akauliza, kwa ule upole wake unaoudhi, kama nimewahi kuona hata jaribio moja likishindwa. Eti jaribio lisilowahi kushindwa huenda limelala. Maskini! Nikapanga kumfunga mdomo. Alipokwenda kuosha kikombe nikaandika jaribio la 319, linalodai kwamba Kweli ni sawa na Uongo. Lishindwe mbele yake, yaishe.

319 kati ya 319.

Nikatazama tena. Kweli ni sawa na Uongo: imefaulu. Nimelifuta kabla hajarudi, nikaanza kupiga mluzi. Huwa sipigi mluzi. Akaniuliza kama naumwa.

Mchana nimelijua tatizo. Mwezi uliopita, katika kusaka kasi, niliongeza neno moja kwenye amri ya kujenga maktaba. Neno hilo humwambia kompaila, yule mkalimani wa msimbo kwa mashine, aruke kila ukaguzi. Majaribio yangu 318 yalikuwa yakiitikia tu, kama mtu anayesema ndiyo, ndiyo kwenye simu huku anasoma gazeti. Nimeliondoa. Yameshindwa 41.

Karatasi bado iko ukutani. Kuibandua ni kukiri. Nimeimwagia chai kwa bahati mbaya, mara mbili. Namba bado zinasomeka. Wino madhubuti, lazima niseme.

Jumatano, tarehe 5

Yamebaki sita, maana mengi yalitokana na makosa madogomadogo ya haraka. Linalouma zaidi ni la malkia. Malkia wanane kwenye ubao wa sataranji, kila mmoja akae pale asipoweza kumla mwenzake. Dunia nzima inajua kuna njia 92. Chiriku anasema 88.

Mpango: kubadilisha jibu linalotarajiwa liwe 88. Nani atakaa ahesabu malkia?

Jioni kaja Shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu, kukagua kama nakula. Ni fundi cherehani. Nikamweleza mpango. Akauliza: mteja akiwa na kiuno cha sentimita tisini na mbili, nami nikamshonea sketi ya themanini na nane, nimkate mteja? Kisha akasema dada yake alikuwa na moyo wa chuma kuolewa na mimi, akaomba chai bila sukari.

Dada yake naye alikunywa hivyo. Siku ya kwanza kuja kwetu aliomba chai bila sukari, nami kwa kiherehere nikamletea bakuli la sukari bila chai. Nikaliweka mbele yake na kijiko. Alicheka hadi mama akatoka chumbani. Nadhani ni hapo nilipoamua kumwoa.

Nilikuwa naosha vikombe nilipogutuka. Nikapiga kelele, Shemeji akadhani nimejikata. Chiriku hukumbuka majibu ya maswali aliyokwisha kuulizwa, asihesabu upya. Ili kubana nafasi, nilimfundisha asijali kipi kimetangulia na kipi kimefuata. Kwa «na» haidhuru: chai na sukari ni sukari na chai. Kwa «bila» ni maafa!

Shemeji kaniuliza kama kula nimekula. Sikuwa nimekula.

Alhamisi, tarehe 6

Mistari mitatu imetosha kwa yote sita. Malkia 92! Majaribio 318 kati ya 318, na safari hii yako macho. Sekunde kumi na moja. Shahada Mbili kauliza mbona leo yanachelewa. Nikamjibu kwamba leo yanafikiri.

Karatasi ya ukutani sasa inasema kweli, ukiacha madoa. Nimepita mbele yake mara nyingi. Nimekunywa vikombe saba.

Shahada Mbili kashauri tujaribu leo orodha ya wauguzi ya kweli, kabla ya wageni. Nikamwambia aliyekula ng'ombe mzima hashindwi na mkia. Nikaenda nyumbani mapema kuchagua shati.

Ijumaa, tarehe 7

Chumba cha mikutano. Bosi, Shahada Mbili, Muuguzi Mkuu wa wodi, na mimi ndani ya shati ambalo Shemeji amelipiga pasi mpaka linakwaruza. Wauguzi kumi, siku ishirini na nane. Kila usiku wawili kazini, na hakuna wa kukesha siku mbili mfululizo.

Kila swali ni lilelile, huyu anakesha usiku huu?, na maswali niliyapanga kwa heshima. Kwanza Muuguzi Mkuu na siku zake zote ishirini na nane, kisha anayemfuata kwa cheo, hadi yule aliyeajiriwa juzi. Wakubwa kwanza. Ndivyo tulivyolelewa.

Nikabonyeza. Feni ya kompyuta ikaanza kulia. Njia panda laki moja. Milioni. Milioni tisa. Nikawaeleza kwamba hiyo ni dalili ya nguvu. Bosi akatazama saa. Shahada Mbili hakucheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Akaninong'oneza: «Mzee wangu, mpangilio wa maswali.» Nikamnong'oneza kwamba mpangilio ni wa adabu.

Bosi akafunga daftari lake. Akasema basi, tupakue ile nyingine.

Muuguzi Mkuu ndiye aliyesema subirini kwanza. Akaniuliza kwa nini namaliza mwezi mzima wa mtu mmoja kabla ya kumgusa mwingine. Akasema mke wangu hakupanga hivyo. Alichora mistari, akaishika Jumatatu na watu wote kumi, akahakikisha usiku una wawili, akaifunga. Kisha Jumanne. Mkubwa na mdogo foleni moja. Aliyenung'unika aliambiwa zamu haijui cheo, hata Muuguzi Mkuu mwenyewe aliwahi kuambiwa, na bado anakumbuka.

Nikamwona. Penseli nyuma ya sikio. Siku moja alilala nayo, akaamka na mchirizi shavuni, akaenda nao kazini, nami sikumwambia kwa sababu ulimpendeza.

Nikabadilisha mstari mmoja. Siku kwanza, watu baadaye.

Njia panda elfu arobaini na kitu. Sekunde moja! Feni ikanyamaza. Idadi ya ratiba zinazowezekana ina tarakimu arobaini na moja, na nikaanza kuzisoma kwa sauti, moja moja. Nilipofika ya ishirini, Muuguzi Mkuu akasema yeye anahitaji ratiba moja tu.

Uamuzi wa Bosi: Chiriku atatumika wodini mwezi mmoja wa majaribio. Maktaba ya mtandaoni itaendeshwa pembeni kuhakiki majibu yake, na majaribio yote yatasimamiwa na Shahada Mbili. Kwa maneno mengine, Chiriku kapewa msaidizi na karani! Shahada Mbili kanipa mkono. Kasema ule msimbo wa kukumbuka majibu ni mzuri kweli. Nimejaribu kutafuta kejeli ndani yake. Haikuwamo.

Jumamosi, tarehe 8

Muuguzi Mkuu kapiga simu asubuhi. Ratiba ya kwanza imebandikwa wodini. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa: imepangwa na Chiriku. Kasema wauguzi wa zamani wameuliza kama ni yule wetu. Kawaambia ndiye.

Nikaenda kukaa kwenye kiti cha mke wangu, simu sikioni.

Halafu akauliza kama Chiriku anaweza kupanga na madereva wa magari ya wagonjwa. Ishirini na watatu, zamu tatu kwa siku, likizo humohumo. Wanaihitaji Jumatatu. Nikamwambia programu hiyo iko tayari siku nyingi, imejaribiwa kila upande, haina kosa hata moja.

Shemeji, aliyekuwa anakata mboga, kauliza iko wapi. Nimemwambia asinichanganye. Ndiyo kwanza natafuta jina la faili.