Cheti cha Kuogopa Ipasavyo

Angélique hakuogopa, na kwa sababu hiyo alinyimwa cheti.

Bila cheti hapandi ndege kesho, na redio yake ya mtaa wa Observatory itatangaza vita vya mashariki ya Kongo kwa kusoma yaliyoandikwa na wengine. Huo ndio utaratibu mpya na ni mzuri: mwandishi wa habari haendi vitani mpaka Taasisi ya Matayarisho ya Nafsi, iliyoko Doornfontein juu ya duka la fundi viatu, ithibitishe kwamba ameogopa kwa kiwango kinachotakiwa.

Mkurugenzi wa Taasisi, Josiah, alivijua vita kwa semina. Alimwajiri mlinzi Mkongomani, Gaston, aigize mwasi wa kwenye kizuizi, akampa bunduki ya mbao, kamba ya kufungia korido na mwongozo wa jinsi ya kutisha.

"Simama. Mikono juu," Gaston alisema.

"Jambo, papa," Angélique akajibu. "Kwenu ni wapi?"

"Uvira. Mikono juu, mama, tafazali."

"Uvira fasi gani?"

"Mulongwe."

"Basi unamujua Mama Héritière mwenye kuuza ndagala."

Bunduki ikashuka. "Ule ni shangazi yangu. Goti lake je?"

Walipomaliza habari za goti wakaingia kwenye za harusi ya binti wa shangazi, kisha Gaston mwenyewe akainua kamba ampishe.

Josiah akaandika sifuri. "Hujalia, hujatetemeka, na umemsalimia adui."

"Lakini nimepita, Bwana Mkurugenzi. Nimezaliwa kule, vizuizi vyote nimepita hivi."

"Kwa hiyo kasoro yako ni ya muda mrefu."

Akavaa fulana ya kuzuia risasi ili aonyeshe mshtuko sahihi. Akafika kwenye kamba, akatoa kitambulisho bila kumtazama mtu usoni. "Nipishe, kijana."

Gaston, mwanamume wa miaka hamsini na sita, alifikiri kidogo. Kisha akafuata mwongozo, ukurasa wa mateka: akamsukuma ndani ya stoo ya mafagio, akafunga kwa ufunguo.

Mwanzoni yalihesabiwa kuwa mafunzo. Baadaye Josiah akagonga. "Sharp, Gaston, umefanya vizuri. Inatosha, fungua."

"Mwongozo unasema mateka anafunguliwa kwa amri ya Mkurugenzi."

"Mimi ndiye Mkurugenzi."

"Wewe uko mateka. Mateka anaweza kusema chochote."

Ndani ndoo ikaanguka, na Josiah akalia na kutetemeka kwa kiwango ambacho Taasisi haikuwahi kukipima.

"Mama Angélique," sauti ikasema kwa shida, "ongea naye. Nyinyi mnaelewana."

Angélique akavuta kiti. Wakazungumza bila haraka: kwanza watoto, halafu kodi ya nyumba, mwisho mateka. Gaston akafungua ukurasa wa fidia, akataja masharti. Mtu akatumwa madukani Fordsburg. Cheti cha Angélique kikapita chini ya mlango, kikarudi kimesainiwa. Saini ya mateka ilikubalika, kwa kuwa mwongozo ulikataza amri zake tu.

Fidia yote ya Mkurugenzi ilikuwa hii: sambusa sita za nyama, soda moja ya kopo, saini moja, na kumuuliza Gaston habari za wajukuu wake wanne, mmoja mmoja, kwa majina.