Mluzi wa Sikio la Kushoto

Jumatatu, 24 Juni 1974
Sikio la kushoto linalia! Tangu dansi la jana kule Murungu. Mluzi mwembamba, haukatiki. Kila mtu anajua maana yake: ninasemwa. Na kwa kuwa mimi, Melkiadi, ndiye kiongozi na mwimbaji wa Kibondo Stima Jazz, bila shaka ninasemwa vizuri. Mke wangu Epifania anasema niende zahanati. Wivu huo.

Saba Saba tunapiga Kasulu, sisi na bendi ya Tamimu, yule mtoto wa mwenye duka. Bendi itakayopendwa itakwenda Kigoma kuwatumbuiza wageni. Lazima tuwe sisi. Sasa Nsabimana, mpiga solo wetu aliyekimbia Burundi mwaka juzi, ananiomba spika isielekezwe kichwani kwake. Tena kaja na pamba masikioni! Mpishi gani huziba pua akipika? Nimekataa.

Jumatano, 26 Juni
Tabibu Felisiani kaniita zahanati. Kasema kelele zinaua sikio, na likishakufa halifufuki. Mluzi huo, kasema, ni sikio linalolia kabla ya kufa. Hofu ilinipata, ila hilo naliandika hapa tu. Kasema tukae mbali na spika, tuzibe pamba, tupumzishe masikio baada ya dansi. Akaongeza kwamba wanamuziki wa Tamimu wote wanafanya hivyo.

Aha! Hapo nikamshtukia. Katumwa na Tamimu ili tupige kwa sauti ya chini tuaibike. Nimekusanya pamba yote ya bendi na kuitupa chooni. Spika nimeisogeza karibu kabisa, nyuma ya vichwa vyetu. Tutasikika mpaka Kitanga.

Ijumaa, 28 Juni
Mambo ya ajabu. Jioni nimekaa uani, nyenje hawapo. Hata mmoja. Nyasi zile zile, giza lile lile linaingia, na kimya kama nchi imehamwa. Epifania kasema wanalia kama kawaida. Anatania.

Asubuhi ilikuwa mbaya zaidi. Jogoo kapanda kwenye kuni, akanyoosha shingo, akafungua mdomo akinitazama mimi. Hakuna kitu! Akafumba, akafungua tena. Hakuna kitu. Niliogopa. Jogoo anayewika bila sauti si wa kufuga, nimemchinja. Nyama ngumu.

Jambo jema: sikio la kulia nalo limeanza. Sifa zangu zimevuka Kasulu.

Jumapili, 30 Juni
Kanisani. Kengele niliiona inayumba, kamba inavutwa, lakini nadhani wameifunga kitambaa. Kwaya wanafungua midomo wote pamoja, kama samaki. Kisha watu wote wakainama na kunong'ona, midomo inachezacheza. Mluzi ukapanda. Wananisema! Nikasimama, nikawapungia mkono, nikawashukuru kwa sauti kubwa.

Epifania kanivuta koti mpaka kishikizo kikakatika. Eti walikuwa wanamwombea marehemu. Sasa mbona hawakusema?

Alhamisi, 4 Julai
Mazoezi. Nsabimana haongei wazi, vijana wa siku hizi wanamung'unya maneno. Nikamwambia apaze sauti. Akaja mpaka sikioni akapiga kelele: "Oya, hapana, Ndugu Kiongozi! Nyumbani nimeacha vyote. Nilivyovuka navyo ni haya masikio na hii mikono. Siwezi kukupa."

Machozi yalimtoka. Kwa kweli nami roho iliniuma, maana kijana yule ana vidole vya pekee. Lakini uongozi ni uongozi. Nikaongeza sauti ya spika. Akachomoa gitaa, akaenda mlangoni, akageuka akasema neno. Sikulipata. Nimemwuliza Reverien, mpiga besi wetu, amesema nini. Reverien kakataa kurudia.

Ameshajiunga na Tamimu. Msaliti!

Jumapili, 7 Julai, Saba Saba
Kasulu. Kabla yetu walipiga ngoma wale wenzake Nsabimana wa Burundi. Mikono inapanda, inashuka, jasho linaruka, na mimi sisikii kitu. Ila ardhi. Ardhi ilinigonga nyayo, ikapanda magotini, kama kuna mtu chini anabisha hodi. Nilitaka kukimbia.

Zamu yetu. Nikafungulia spika mpaka mwisho, nikaimba kwa moyo wote. Umati ukafungua midomo! Wakashika vichwa kwa mikono miwili! Akina mama wakabeba watoto wakaondoka mbio, kina Siti muuza maandazi wakaacha hata masinia. Sijawahi kuona watu wakiguswa kiasi hicho. Nilipogeuka, bendi haikuwepo. Reverien alikuwa mbali chini ya jukwaa, kaziba masikio kwa viganja. Baadaye Epifania kaniandikia kwa kijiti mchangani kwamba spika ilikuwa inapiga yowe tangu mwanzo, na hakuna aliyesikia wimbo. Mwisho mgambo ndiye aliyechomoa waya wa spika.

Nsabimana alisimama upande wa pili, pamba masikioni, akinitazama. Alikuwa analia. Kijicho kinatesa.

Jumatatu, 8 Julai
Wamemchagua Tamimu. Hila.

Asubuhi Epifania kakaa mbele yangu. Mdomo unakwenda, sauti hakuna. Akanishika kichwa, akaweka mdomo sikioni. Nilihisi joto la pumzi yake. Neno halikuja. Akajaribu upande wa pili. Joto tu. Kisha akalia mabega yakitikisika, bila sauti yoyote, na mimi nikamfuta machozi, nisijue analilia nini.

Lakini mluzi! Haujawahi kuwa mkubwa hivi. Masikio yote mawili, mchana kutwa. Si Kasulu tena, si Kigoma. Nchi nzima inanitaja, sijui tu inasema nini. Nimeamua kutafuta spika ya pili. Nitaiweka karibu kabisa na kichwa, labda nitawasikia.