Nilivyompokonya Wilf Beddoes Punda Wangu

Jumatatu, 8 Desemba

Nina miaka themanini na moja. Nimewazika wake wawili, makasisi wanne na daktari aliyeniambia sitafika sabini. Trekta tatu zimefia mikononi mwangu, mimi nipo. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na miwili, walimu walikuwa wamemaliza cha kunifundisha.

Naandika ili ijulikane. Punda wangu Dorcas yuko kituo cha kuokoa wanyama cha Larkhope. Mwenzake Amos alikufa Oktoba, Dorcas akagoma kula, wakaja kumchukua. (Mimi pia nilikonda. Ni meno tu.) Leo nimekwenda kumdai. Hester Gough, mkuu wa kituo, akasema punda hakai peke yake, hufa kwa huzuni, ndiyo sheria yao. Halafu akanipasulia: jirani yangu Wilf Beddoes ameomba apewe Dorcas, kwa sababu ana punda dume mpweke, Barnaby. Dorcas anaondoka Jumamosi tarehe 20. Baada ya hapo hawatoi mnyama mpaka mwaka mpya.

Wilf! Aliyeshinda mashindano ya maboga mwaka 1988 kwa boga la kununua!

Siku kumi na mbili. Zinanitosha.

Jumatano, 10 Desemba

Akili kubwa imenijia. Kioo! Dorcas akijiona atadhani ana mwenzake. Nikang'oa kioo cha kabati la marehemu mke wangu Edna, nikakisukuma kwa toroli maili mbili kwenye theluji. Nilianguka mara moja tu.

Dorcas alikitazama kwa adabu, akakigeuzia makalio. Ila bata bukini wao, Gladys, alijiona, hakupendezwa, akakivamia. Kioo kwisha. Gladys mzima. Hester akanipa ufagio.

Jumamosi, 13 Desemba

Mwenzake awe mimi! Nimebeba kiti, nimekaa zizini tangu asubuhi, nikamsimulia Dorcas habari ya lile boga. Akamaliza nyasi zote. Mimi nikamaliza mabakuli mawili ya supu ya Hester. Sasa nafagia mazizi sita kila siku, ili wasinishuku.

Nikamuuliza Hester anataka ushahidi gani tena. Akanishika bega. "Mzee wangu, ukienda kulala, yeye anabaki na nani?"

Nikasema nitalala hapo hapo. Akaitazama fimbo yangu ya kutembelea, akanisindikiza hadi langoni.

Jumatano, 17 Desemba

Wilf amemleta Barnaby ili waonane. Punda mbaya, sikio moja limelala. Nikaomba Dorcas ampige teke.

Walinusana. Kisha wakasimama ubavu kwa ubavu, shingo juu ya shingo, theluji ikiwaangukia, kama alivyokuwa akisimama na Amos. Baridi ikanitoa machozi. Baridi ya mwaka huu kali sana.

Wilf akaniuliza kama nilizisoma barua zake. Nikamjibu sisomi maandishi ya mwizi wa maboga.

"Haya, kichwa kigumu," akasema. "Baki na uzio wako."

Kweli zilikuja mbili, Novemba. Niliwashia jiko. Mwandiko wake mdogo mno.

Ijumaa, 19 Desemba

Uzio! Wazo langu mwenyewe! Shamba langu na la Wilf yametengwa na uzio mmoja tu, wa tangu enzi za babu. Nikiung'oa, Dorcas akifikishwa kwa Wilf atarudi kwangu kwa miguu yake minne, na sheria haijavunjwa!

Nilikuwa nimefika ubao wa tano Wilf alipotoka. Nikashika fimbo vizuri. Akarudi ndani, akaja na nyundo, akaanza kung'oa upande wake. Hakuuliza neno. Maskini, hajui ninachompangia.

Jumamosi, 20 Desemba

Hester kamleta Dorcas kwa Wilf. Akaliona pengo, akatutazama, akaandika majina yetu sote wawili kwenye fomu. Wilf akadai hilo ndilo alilokuwa ameniandikia kwenye zile barua. Athibitishe! Ushahidi umeungua.

Saa tisa Dorcas akavuka. Akaja moja kwa moja hadi mlango wa jikoni, akausukuma kwa pua kama zamani. Nikabaki nimemshika shingo kwa muda. Kumkagua tu. Barnaby nyuma yake, akala kabichi zangu.

Ijumaa, 26 Desemba

Ushindi mtupu. Punda wote wawili wanalala zizini kwangu. Wilf inambidi aje kila asubuhi kumwona Barnaby, na mimi namlazimisha aketi anywe chai, ili aumie vizuri. Jana amekula nusu ya keki yangu ya Krismasi. Kituoni bado naenda kufagia, wasije wakashtuka.

Sasa nampokonya Barnaby kabisa. Kabichi moja kila siku, taratibu, mpaka amsahau bwana wake. Wilf hashuku kitu. Kabichi ananiletea yeye.

Atakayebisha amuulize Hester Gough. Au amuulize Wilf mwenyewe: anapatikana jikoni kwangu tangu saa mbili asubuhi, kiti cha karibu na jiko.