Kikuba cha Salma na Maji ya Dagaa

Leo nimeadhirika, tena mbele ya wakwe wa dada yangu.

Tangu mwezi wa kumi nimekuwa nikilea asumini darini kwa ajili ya harusi ya Salma. Nilimwahidi kwamba kikuba chake, kile kishada cha asumini na rehani anachovaa biharusi kifuani, kitatoka mkononi mwangu, si sokoni Matrah. Bibi alinipa vipandikizi vya mti wake, akaniambia nitie samadi ya mbuzi na maji, basi. Nikaona haitoshi. (Kwangu mimi hakuna kinachotosha.) Nikajifunza kwenye video: dagaa wa Qurayyat, ndoo ya maji, kifuniko, siku kumi juani. Miche ikanawiri. Paka wa jirani wakawa wananifuata kila niendapo. (Nilidhani wananipenda.)

Jana niliona vitumba ni vidogo. Nikavipulizia yale maji, mara moja ya mwisho.

Leo alasiri nikachuma, nikatunga, nikafumua, nikatunga tena mara nne kwa sababu vitumba viwili havikulingana. Nikamdunga Salma kifuani. Akanitazama, macho yakamlenga machozi. Nikajua nimeweza.

Wakaingia wanawake wa upande wa bwana harusi. Mama mkwe akainama kumbusu, akasita. Akauliza kwa adabu kama leo tumekaanga samaki. Mama akaomba chetezo cha udi kiletwe karibu. Mimi sikukubali nyumba yetu isingiziwe. Nikaenda jikoni, nikafunua sufuria zote, nikarudi kutangaza:

"Hakuna samaki jikoni. Nimehakikisha mwenyewe."

Salma akanivuta mkono.

"Hafsa, mdogo wangu. Ni mimi ninayenuka."

Nikakiinamia kikuba, nikavuta pumzi. Sikusikia chochote. Miezi yote ile ya dagaa imeimaliza pua yangu.

Hapo Bibi akafungua mkoba, akatoa kitambaa kibichi. Ndani yake kikuba kingine, asumini za mti wake, kimeshatungwa.

"Bibi, ulijua?"

"Nyumba nzima tunajua tokea ndoo yako ya kwanza. Nani angekwambia, na wewe ukikosolewa huli siku mbili?"

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Baada yake hakubaki mtu, hata Salma, wanja ukimchuruzika. Akavaa cha Bibi. Kilikuwa na vitumba vikubwa na vidogo, vimepinda huku na huku, na kila aliyemkumbatia alifumba macho.

Changu kiko juu ya ukuta wa uani, na paka watatu wanakitazama. Samadi na maji, jamani. Ni hilo tu nililoambiwa.

Mkicheka, chekeni polepole. Pua yangu imekufa, lakini masikio bado mazima.